Bakteria wa Kidonda cha Baba

Dada yangu,

Sisi hatujambo, ila paka amezaa ndani ya kabati langu la nguo.

Uliniuliza miaka yote hii nachungulia nini kwenye hadubini. Ni bakteria wa kidonda cha baba, wale walioshinda kila dawa. Nimewafuga maabara tangu tulipomzika, nikashindwa kukwambia. Mwaka huu nimegundua dawa mbili zikitolewa pamoja zinawaua.

Wiki iliyopita daktari wa wodi alinipigia: “Yule mama wa kidonda cha mguu, mwenye bakteria wale wale, tuliyempa dawa zako mbili, kaomba chai. Tena analalamika haina sukari!”

Nilicheka, kisha nikajifungia stoo nikalia. Kwa baba nimechelewa, dada. Lakini yule mama ana mabinti wawili, na jana wamerudi naye nyumbani.

Mdogo wako mkaidi.