Tulipokata Kushoto Kimali

Jumapili, 6 Aprili. Lamadi

Nimeosha chujio la hewa tena. Matope mpaka ndani ya soksi. Mvua haijakatika toka asubuhi na waandaaji wa mashindano ya magari wanachekelea, maana ndiyo waliyoifuata. Watu wazima wamepanda ndege kutoka kila pembe ya dunia kuja kukwama kwenye udongo ambao sisi tunaukimbia kila masika. Na mimi nimo.

Petra ndiye dereva na mwenye gari. Mcheki, mrefu, anauliza kila kitu mara mbili. Mimi namsomea ramani na kumtafsiria. Siku za kawaida naendesha watalii, wananiita Masanja dereva, basi. Hapa jina langu limeandikwa ubavuni mwa gari.

Watakaoshinda wanaenda fainali Malaysia, kwenye misitu ya mvua, Novemba. Sijawahi kupanda ndege. Naitaka hiyo safari vibaya sana.

Jumatatu, 7 Aprili. Bariadi

Mtoni tumeteseka. Niliingia maji ya kiuno kufunga waya wa winchi, wa kuvutia gari, kwenye mti, mti ukang'oka, tukaanza upya. Mke wangu alikuja na majirani kutazama. Walipiga vigelegele tulipotoka. Tuko wa tatu. Nimevimba kichwa, najua.

Jumanne, 8 Aprili. Kimali

Leo nimefanya ujinga.

Barabara ilikuwa imejaa tope la mbuga nyeusi, lile linaloshika gurudumu haliachii. Wajapani wamezama mbele yetu. Sheria inaruhusu kupita popote kati ya kituo na kituo, isipokuwa kwenye mali ya watu. Kushoto palikuwa na nyasi ndefu, zimesimama vizuri, wakati pembeni kote ng'ombe wametafuna hadi udongoni. Mtoto yeyote wa Kisukuma anajua maana yake. Ngitili. Malisho yanayofungwa masika yote, hakuna mnyama kukanyaga, ili kiangazi ng'ombe wawe na cha kula. Haina ukuta wala bango. Haihitaji.

Nikamwambia Petra kata kushoto, penye mawe, wanapoingilia ng'ombe.

Akauliza, pana mwenyewe hapo? Nikasema ni nyasi tu. Akauliza tena. Nikasema ni nyasi tu, Petra, twende.

Tulipita. Tumefika wa kwanza. Nilipogeuka nikaona wengine wote wanafuata alama zetu. Hilo sikulifikiria. Uongo, nililifikiria.

Jumatano, 9 Aprili. Kimali

Mwenye ngitili amekuja kambini. Mjane, Bibi Minza. Alikuja kwa miguu, mwavuli mbovu, na mwenyekiti wa kitongoji. Wakaomba mtu wa kuwatafsiria. Ni mimi peke yangu.

Nikamwamkia kwa Kisukuma. "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama. Akafurahi kweli, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamtaja baba. Kumbe anamjua, walikua pamoja hapa hapa Kimali. "Ng'wana wane, mwanangu," akasema, "afadhali upo wewe. Waambie hawa wageni walichofanya."

Akatupeleka kuona. Magari yalikuwa yamezungusha magurudumu pale mpaka mizizi ikatoka juu. Moja lilizama, wakalichimba kwa majembe. Nyasi zimelala ndani ya matope, zimeanza kunuka. Jua likishika, udongo ule utakauka kama tofali, na hakuna kitakachoota. Ana ng'ombe wachache, na wajukuu wanaokunywa maziwa ya ng'ombe hao. Hana malisho mengine.

Petra akaweka mkono kifuani. Akasema hakujua, akasema kosa ni lake, yeye ndiye alishika usukani. Akanitazama nitafsiri. Nilidhani ananipa nafasi ya kusema. Labda ananiamini tu.

Nikatafsiri: anasema hakujua, kosa ni lake.

Neno kwa neno. Sikuongeza kitu. Mwenyekiti akasema wazungu ndivyo walivyo, wakiona majani wanadhani ni ya Mungu. Watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Waandaaji wamesema watalishughulikia. Bibi Minza alipokuwa anaondoka akanipa karanga za kuchemsha kwenye khanga, shukrani ya kumsemea. Nilizila zote.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimeosha chujio la hewa mara mbili. Lilikuwa safi tayari.

Jumamosi, 12 Aprili. Bariadi

Tumeshinda. Picha, bendera, muziki. Baba alikuja na shati jeupe. Kila aliyempa mkono aliambiwa, huyu ni mwanangu. Nilitaka ardhi ipasuke. Petra aliniambia pembeni kwamba yule mama hamtoki kichwani. Nikamwambia mambo yataisha. Mimi ni mtu wa hovyo.

Jumapili, 1 Juni

Mvua zimekwisha. Waandaaji hawajarudi Kimali. Nimeuliza mara moja, kwa sauti ndogo.

Jumatano, 20 Agosti

Pasipoti imetoka. Mke wangu ameizungusha mtaa mzima. Picha yangu mle ndani ni ya mtu aliyekamatwa na kuku wa watu.

Jumamosi, 13 Septemba

Nilikwenda mnadani kumsindikiza shemeji anayetafuta dume. Vumbi, kelele, ng'ombe mbavu nje kila upande. Bibi Minza alikuwepo. Ana ng'ombe jike mmoja, mwekundu, bado ana maziwa. Wa mwisho. Wengine wamekwishauzwa.

Ningeweza kupita upande mwingine. Aliniona kwanza. Akaniita, ng'wana wane, njoo unishikie kamba, mnunuzi analeta gari na mimi mikono imechoka.

Nikashika. Ng'ombe alikuwa mtulivu, ananilamba mkono kutafuta chumvi. Nikasema, mayu, siku ile si yule mzungu. Ni mimi nilimwambia apite. Nilijua ni ngitili. Aliniuliza mara mbili.

Nilisema nikitazama chini. Yeye alikuwa anafunga khanga yake vizuri.

"Najua," akasema. "Magurudumu yaliingilia pale tunapoingizia ng'ombe, penye mawe chini. Mzungu angepajuaje? Kabla sijafika kambini nilijua ni mwenyeji aliyewaonyesha."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema mbele ya watu.

"Ulishamtaja baba yako. Aibu ingekuwa yake."

Gari likaja. Ng'ombe aligoma kupanda, tukamsukuma wote wawili, yeye kushoto mimi kulia, mpaka akaingia. Akamwambia mnunuzi asimkamue jioni hii, amechoka. Halafu akaniambia niwasalimie nyumbani, akaondoka na kamba yake.