Kutu Haikula Namba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini ulinilea hivyo, kwamba mtu haingii kwenye maneno kabla ya kusalimu. Nakuandikia nikiwa nyumbani Gulwe, kwenye kiti chako cha kamba, mbele ya meza uliyokuwa ukifanyia kazi. Mama amejilaza baada ya chakula cha mchana. Mezani hakuna kitu. Hapa ndipo ulipokuwa ukizilaza bunduki zako tatu juu ya gunia: gobore, ile ya Kiingereza waliyobeba askari wa jeshi la kikoloni la Keya, na ile uliyoiita Mjerumani. Leo pamebaki doa la mafuta tu, na mama amekataa kulisugua.

Watu wa hapa stesheni hawakukuelewa. Fundi wa reli mstaafu, mtu wa kanisani, mwindaji siye, anakusanya bunduki kuukuu za nini? Wenzako walipostaafu walifuga kuku. Wewe ulifunga safari mpaka Mlali kwa sababu ulisikia kuna watu wamebomoa tembe ya marehemu babu yao, wakakuta mtutu umefichwa darini ndani ya ngozi ya mbuzi. Ulirudi na kitu ambacho mama alidhani ni kipande cha bomba. Ulikipeleka polisi kabla hata hujakifungua vizuri, ukaandika barua, ukakiacha huko, ukasubiri leseni. Ulisubiri mpaka mama akaanza kukutania: "Huyo Mjerumani wako anasubiriwa kuliko mchumba."

Ulipokabidhiwa, ulikaa naye mezani hapa kiangazi kizima. Mafuta ya taa, kitambaa cha kanga iliyochakaa, mswaki wa zamani, na subira. Kitako kilikuwa kimeliwa na mchwa, ukachonga kingine kwa mninga. Komeo, kile chuma cha kufungia risasi ndani ya mtutu, halikuwepo kabisa. Ukalipata la bunduki nyingine kwa mzee mmoja wa Chemba aliyekuwa akilitumia kama nyundo, na polisi wakaliandika nalo kwenye leseni. Mimi nilikuwa nimekuja likizo, nakushikia taa kwenye kona zenye giza, na wewe unanifundisha kama ulivyowafundisha vijana wa karakana. Kanuni yako ilikuwa moja. "Kutu itoe, umri uache." Uliisema kila mara mkono wangu ulipotaka kusugua zaidi. Mikwaruzo uliiacha, na chuma kilichogeuka rangi ya kahawia ulikiacha hivyo hivyo, ukasema kitu kikuukuu kikifanywa kipya kinakuwa kimesahaulishwa.

Kisha ukanishika kidole gumba ukakipitisha juu ya chuma, pale mtutu unapoanza, kwenye namba. Namba haikuwa na kina tena. Macho yangu yalihitaji kuitafuta, kidole chako kiliisoma upesi. Ndipo uliponieleza habari ya babu, ambaye aliondoka na wapagazi wa vita vya Wajerumani wewe ukiwa bado tumboni. Alibebeshwa masanduku ya risasi za bunduki ambazo yeye hakuruhusiwa kuzishika. Hakurudi, na hakuna aliyekuja kusema amefia wapi. Ulipokuwa kijana ulizunguka maofisi ukiuliza kama kuna orodha ya watu wale, ukaambiwa wapagazi wengi hawakuandikwa. "Baba yangu hakuandikwa popote," ulisema, kidole kikiwa pale pale. "Lakini bunduki iliandikwa. Hii namba ndiyo kaburi ninaloweza kulishika."

Nilikuwa nakusikiliza, baba. Sitaki kusema kwamba sikusikia.

Nakumbuka pia siku za kupiga. Mara moja tu kwa mwaka, baada ya mavuno, kwa ruhusa ya serikali ya kijiji, tulivuka reli mimi na wewe mpaka kwenye kile kichuguu kikubwa ambacho nyuma yake ni mlima mtupu. Risasi zilikuwa chache, za kuhesabu kama karanga za mgonjwa, nawe hukutaka ipotee hata moja. Uliniambia wewe ni fundi na mimi ni mpiga chapa, basi tuone ni nani anayepiga vizuri. Mjerumani alinisukuma bega nikakaa chini, ukacheka mpaka ukashika magoti.

Halafu macho yako yakaanza kwenda. Ugonjwa wa vikope ulikusumbua tangu utoto, kama ulivyowasumbua wengi huku, na safari hii haukurudi nyuma. Hukukubali kuacha. Ulikaa juu ya jiwe, mimi nikapiga, na wewe ukasikiliza. "Ya juu." "Imeingia." "Hiyo umefumba macho, usinidanganye." Hukukosea hata mara moja. Nilikuwa naenda kukagua kichuguu nikitamani nikukute umekosea, angalau nikutanie kidogo. Zile asubuhi ndizo nilizokuwa na furaha kuliko zote za maisha yangu, na sasa siwezi kuzikumbuka bila kufika kwenye ile Jumapili.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yalipojaa. Sisi tuliokulia kwenye foleni ya sabuni tukaanza kuona Dodoma mjini kila kitu kimepangwa rafuni: rangi, vanishi, sufuria mpya, dawa za kung'arishia kila aina ya chuma. Watu walishikwa na homa ya kung'arisha. Milango ikapakwa rangi, baiskeli zikapakwa rangi, hata mwenye redio mbovu aliifuta ikang'aa. Kilichochakaa kilionekana aibu ya miaka ya dhiki, nasi tulikuwa na haraka ya kuiacha nyuma. Ofisini tulikagua viatu vya kila anayeingia kabla ya kusoma barua yake. Mimi nilikuwa mmoja wao, tena wa mstari wa mbele.

Nikaja nyumbani kukusindikiza kwenye ukaguzi wa silaha wilayani, kwa sababu safari hii hukuweza kwenda peke yako. Kwenye begi nilikuwa na msasa na kopo la dawa ya chuma. Nilitaka afande afungue gunia aseme, mzee, hii bunduki kama imetoka kiwandani. Nilitaka usikie akisema hivyo, kwa kuwa usingeweza kuona. Jumapili mlipokwenda kanisani wewe na mama, nilisema kichwa kinaniuma. Nikamtoa Mjerumani nikampeleka nyuma ya jiko, kwenye kivuli.

Nilianza na doa dogo la kutu, nikatumia msasa laini, kama ulivyonifundisha. Lakini pale niliposugua pakang'aa na pembeni pakaonekana pachafu, nami nikaona vibaya kuacha nusu. Nikachukua msasa mkali. Nilisugua nikiimba, baba, nikasugua mpaka mikono ikawa myeusi. Nilidhani kilichoandikwa kwenye chuma hakifutiki. Nilipopangusa vumbi kwa kitambaa, pale kwenye namba palikuwa laini kama mgongo wa kijiko.

Nilipitisha kidole gumba, hakikukuta kitu. Kisha nikaifunga kwenye gunia, nikaosha mikono kwa majivu, nikaanza kupika. Mliporudi uliniuliza, "Umeshamfunga Mjerumani?" Nikakujibu nimeshamfunga. Nikachukua ndoo nikaenda kisimani, ingawa maji yalikuwepo.

Kesho yake njia nzima ulinishika bega na kunisimulia tena habari ya babu, kutoka mwanzo, kama mtu asiyewahi kunisimulia. Niliona uzee unakurudisha nyuma. Tulipofika kwenye ngazi za kituo ulisimama.

"Mwanangu, huna neno?"

"Sina, baba. Twende, tutakuta foleni."

Afande alikuwa kijana mwenye adabu. Alikuamkia, akakupa kiti, akafungua gunia, na kweli alianza kwa kusifu. "Mzee, chombo kimependeza." Akafungua daftari lake, akaigeuza bunduki kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza tena. Akaangalia komeo, akatikisa kichwa, kwa kuwa namba ya komeo haikuwa ya bunduki ile.

"Mzee wangu, namba iko wapi?"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chako. Nilifungua mdomo. Mungu ni shahidi, niliufungua.

"Kutu, afande," ulisema wewe. "Kutu imekula namba. Macho yangu ndiyo haya unayoyaona. Nilizembea."

Afande aliipitishia mkono ile bunduki, chuma kisicho na chembe ya kutu, akaniangalia mimi, akakuangalia wewe. Akasema bunduki isiyo na namba hana ruhusa ya kuirudisha, kwamba angeweza angefanya. Alikuwa na haki. Akaandika. Ulitoa kitabu cha leseni mfukoni ukakiweka mezani mwenyewe, kisha ukanyoosha mkono hewani kutafuta bega langu. Wewe, ambaye hukuwahi kuacha kutu ilale hata siku moja ndani ya nyumba hii, ulitoka pale umejiita mzembe mbele ya watu, na mimi nikakushikia mlango.

Mwezi haukuisha ukarudisha gobore na ile ya Keya kwa hiari yako. Ulisema fundi aliyeshindwa na kutu hastahili kukaa na vyombo. Habari ikaenea stesheni nzima, na wale wa kuku wakapata la kusema. Ukaanza kukaa hapa bila kazi, kidole gumba kikitembea kwenye ukingo wa meza, kinarudi, kinatembea tena. Kila nilipokuja na treni kutoka Dodoma, tukishasalimiana, uliuliza lile lile: "Huna neno?" Nikajibu, "Sina, baba, ni salama tu." Nilijiaminisha kwamba hiyo ilikuwa salamu yako mpya ya uzeeni. Hata ulipokuwa hoi kitandani, nikikupa uji kwa kijiko, uliniuliza, na nikasema sina.

Nilijipa sababu, baba, nyingi tu. Kwamba moyo wako usingestahimili. Kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Kwamba nitasema Krismasi. Ukweli ni kwamba nilipenda kuwa mtoto wako mzuri kuliko nilivyokupenda wewe.

Tulikuzika wiki tatu zilizopita. Jana tulipoanua matanga na watu wakatawanyika, nilikuwa nafagia hapa mezani nikaanza kulia, mama akadhani ni kilio cha msiba. Nikamwambia. Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia. Aliendelea kukunja mikeka.

"Baba yako alijua," akasema.

"Alijua nini?"

"Alijua Jumapili ile ile. Ulipokwenda kisimani alifungua gunia akapapasa. Akaniita. Akaniambia, 'Mtoto amefuta namba.'"

Nikamuuliza kwa nini basi alikwenda kituoni, kwa nini aliwaambia kutu.

"Ulitaka aseme wewe ndiye umefuta namba ya silaha? Si kesi hiyo?" Mama aliketi juu ya mikeka. "Nilimwambia akuulize, yaishe. Akakataa. Alisema, 'Akisema mwenyewe, yataisha siku hiyo hiyo. Nikisema mimi, maisha yake yote ataona nimemshitaki.' Akasema atakungoja."

Nikamuuliza kama ulinikasirikia. Mama alikuwa mkweli. "Kwa bunduki alilia mara moja tu. Kwa wewe alikuwa akirudi kulala kila unapoondoka na treni, anasema bado."

Bado. Miaka yote hiyo, baba, ulikuwa umekaa kwenye kiti hiki unangoja kunisamehe, na mimi naleta sukari na sabuni za kunukia. Msamaha ulikuwa tayari, ilibaki mimi kufungua mdomo. Nimepoteza kaburi la babu, kisha nikakuzika na wewe ukiwa bado unangoja. Watu wanasema muda utaponya. Sioni utaponya nini. Ile namba hata siijui. Niliiona kila likizo na sikuwahi kuiweka kichwani, kwa sababu nilijua ipo. Kitabu cha leseni kilichoiandika kilibaki polisi, na kidole kilichoijua kimefukiwa. Usiku huu narudi Dodoma, kesho nitakaa mbele ya mashine yangu nipige chapa barua za watu, na sitaona maana ya hata moja.

Sitakuambia upumzike kwa amani. Nisingekuwa na uso. Nitakujibu tu ulichouliza.

Ninalo neno, baba. Kutu haikula namba. Ni mimi niliyeifuta, kwa msasa, Jumapili mkiwa kanisani, na nikanyamaza wewe ukijiita mzembe.

Nimelisema kwa sauti pia, hapa mezani, kwa sababu kwenye karatasi halikutosha. Mama ameamka. Ameniuliza kutoka chumbani naongea na nani, na nimemjibu hakuna mtu.

Mimi binti yako wa mwisho,
uliyemshika kidole gumba.