Presha ya Enebish Akiwa Usingizini

Mwanangu Oyuundelger,

U mzima huko Busan? Baridi umeivukaje? Kiwanda hakijakuvunja mgongo? Sisi tupo, moshi wa makaa unatukohoza tu, na jirani Dulmaa bado kaninunia kwa ajili ya yule mbwa wake. Lakini mpwa wake anapanda ndege kesho, amekubali kukuletea barua hii. Anayeniandikia ni muuguzi Sarantuya. Ananiambia bibi, fupisha, zamu yangu inaisha. Nimemwambia andika tu, mwanangu yuko mbali.

Habari ni za mwanao Enebish. Ile presha yake, kila aliyepima alisema lake. Wa kwanza walimfunga mkanda wa kupimia wa mtu mzima, kamkono kote kakapotea ndani, wakasema hana kitu. Wa pili wakambana na kimkanda cha kichanga wa jana, wakasema ana presha ya mzee mlevi. Ndiyo nikakupigia, nikasema ni mikanda tu hiyo. Ukacheka, nikafurahi kukusikia.

Hapa hospitali kubwa wana mkanda wa saizi yake. Ila unamjua mwanao, kazoea kuviringishwa blanketi, mikono ndani, kamba juu, kama nilivyokufunga wewe. Ukimtoa mkono anashtuka, analia jengo zima linasikia. Sarantuya akasema hapo tunapima kilio, hatupimi mtoto. Akaniomba nimfunge mkono mmoja ukiwa nje. Nikamwambia, wee binti, mtoto hafungwi nusu, huyu si furushi la sokoni. Akasema haya, basi tukae hapa mpaka aoe. Nikamfunga hivyohivyo. Kahangaika, kahangaika, akalala. Wakapima mkono, wakalegeza blanketi chini wakapima na mguu, wakarudia, wakarudia tena. Mimi nimechoka mwanangu, hata meno yamechoka.

Sasa sikiliza, maana kwenye simu nimeshindwa kukwambia. Haikuwa mikanda. Mkononi presha iko juu, mguuni iko chini kabisa. Mshipa mkubwa unaotoka moyoni umebanwa, damu haishuki. Lazima apasuliwe, tena mapema. Nimetoa dole gumba langu nitie alama ya kuwaruhusu, wamelikataa, wanamtaka mama mtu. Najua huna vibali huko, ukitoka ndiyo basi, hawatakuruhusu kurudi tena.

Sarantuya kasimamisha kalamu, ananitazama. Nimemwambia andika: njoo.

Wasalimie wenzako wa chumbani. Ule njiani, usije na njaa.

Mama yako,
Tsendsuren