Watu wa Udongo wa Lusajo

Poznan, Poland
Jumapili, mwezi wa sita

Dada Tumpe,

Mdogo wetu Lusajo tulimpoteza mwezi wa pili, kwenye matope ya njia ya Masoko. Watu wake wa udongo, thelathini na nane, tuliwapoteza siku mliyoanua matanga. La kwanza ni ajali, sina wa kumuuliza. La pili lina wa kuulizwa, ndiyo maana nakuandikia.

Shikamoo dada. Unisamehe kwa kutanguliza hilo mbele ya salamu. Ningeanza na salamu ningeishia kwenye salamu, kama tunavyofanya kwenye simu. Unaendeleaje? Shemeji na watoto hawajambo? Cherehani mpya imekaa sawa, au bado inakata uzi? Na mama anakula? Usiniandikie kwamba anaendelea vizuri. Niandikie anakula nini, na kifua chake kinasemaje na ukungu huu wa mwezi wa sita.

Mimi nipo. Nafanya kazi kwenye ghala la baridi lilelile, napanga masanduku ya nyama, nyuzi tatu juu ya sifuri mwaka mzima. Nakula, nalala, naamka, napanga masanduku. Wenzangu wananiuliza kama nimelia, nawaambia bado. Ni kama mkono ulioulalia ukafa ganzi: unauona ni wako, unauinua kwa mkono mwingine, lakini wenyewe haujijui. Siandiki hili unihurumie. Naandika ujue naandika nikiwa hali gani, usije ukasoma hasira mahali ambapo hakuna hata hasira.

Malalamiko yapo lakini. Nilikuja huku kwa fedha ya parachichi zangu mwenyewe, hakuna mtu wa ukoo aliyenichangia hata nauli ya basi la kutoka Tukuyu. Sikusema kitu. Tangu nimefika, kila jambo la ukoo najulishwa, na kiasi changu cha mchango najulishwa. Jambo la boksi la watu wa udongo wa Lusajo ndilo pekee mlilosahau kunijulisha.

Boksi lenyewe lilianzia huku. Marek, mwenzangu wa zamu, alinichukua Alhamisi moja jioni mpaka nyuma ya duka moja la michezo. Nikakuta watu wazima, wengine wana mvi, wametandaza meza na kupanga askari wadogo wa urefu wa kidole gumba cha mtoto. Wanawapiganisha kwa dadu na utepe wa kupimia, kama mafundi nguo, na wanabishana mpaka wanasimama. Nilipomsimulia Lusajo kwenye simu alicheka hadi akakohoa.

“Kaka, yaani huko wazee wanachezea ng'ombe wa udongo?”

Nikamwambia hawa ni wa plastiki. Akasema, “Basi wamekosa udongo. Waambie huku kwetu Mpuguso upo.”

Unajua alivyokuwa. Sisi tuliacha kufinyanga ng'ombe pale mtoni tulipoanza darasa la tatu, yeye hakuacha. Wiki ileile akachota udongo, akaanza kutengeneza mchezo wake, akauita Kabla ya Mvua. Kila mchezaji ana watu wake, anatakiwa kuwafikisha sokoni Mpuguso kabla dadu halijaleta mvua. Yupo wa bodaboda amepakia mikungu mitatu ya ndizi, kutoka Ikuti. Yupo mama wa chai na tenga mgongoni. Yupo mwalimu wa kwaya amefumbua mdomo. Aliniambia mwanzoni walikuwa wanabishana na rafiki zake yupi ni yupi, ndipo akaandika majina chini ya nyayo. Na mtu akifika sokoni sharti aitwe kwa jina lake, usipomwita unarudi nyuma hatua tano. Hiyo ilikuwa sheria yake, na mimi niliipenda.

Baba mdogo naye alikuwemo, na mwavuli wake na tumbo lake. Siku moja aliporomoka mezani akavunjika mguu wa kushoto. Lusajo akaugandisha kwa gundi, akaufunga uzi mweupe, akaniandikia ujumbe: baba mdogo anatibiwa, kesho atakwenda sokoni.

Kilichofuata sikukisikia kwako. Nimekisikia kwa shangazi, tena wiki mbili baadaye, tena kwa kunong'ona, kwa maana alikuwa nyumbani kwa baba mdogo. Kwamba mlipokuwa mnatoa vitu chumbani ili nguo za marehemu zigawiwe, boksi lilikutwa chini ya kitanda, limeandikwa kwa kalamu nene VINYAGO MSIGUSE. Aliandika vile kwa sababu ya watoto wako, wewe unajua, walikuwa wanawang'oa vichwa. Lakini walioingia chumbani ni watu wa maombi, na kwao kinyago ni kinyago. Shangazi anasema baba mdogo aligeuza cha kwanza akasoma jina la mama mchungaji. Akageuza cha pili, mwalimu wa kwaya. Akageuza cha tatu, ni yeye mwenyewe, na mguu umefungwa uzi. Na mguu wake wa kweli ulikuwa umevimba tangu Krismasi.

Mama alisema ni michezo ya mtoto. Akaambiwa akae.

Nilimpigia baba mdogo. Nilimwamkia, nikamwuliza kwa adabu. Akanijibu, “Ambokile mwanangu, jina la mtu haliandikwi chini ya kinyago kwa heri. Tumemsitiri ndugu yako, na wewe nyamaza.” Nikamwuliza wamemsitiri na nini. Akasema salio linaisha, wakati aliyepiga ni mimi.

Hivyo ndivyo mlivyomsitiri: mama anapita na jembe lake asubuhi, na wanawake aliochuma nao chai miaka yote wanainama kufunga viatu. Aliniambia mwenyewe, kwa Kinyakyusa, polepole, kwamba siku hizi hakuna anayemwuliza ugonile. Ameamka, hakuna anayetaka kujua kama alilala. Dada, mtu amekufa akiwa na miaka ishirini na mbili, hakuwahi kumpiga hata mbwa, na jina lililobaki kwake pale kijijini ni mchawi.

Sasa nikueleze ninachofanya, maana Marek anadhani nimepata kitu cha kujisahaulisha, na sitaki na wewe udhani hivyo. Wiki tatu hizi nachagua mashine. Inatengeneza hao watu wa mezani, nyumbani, juu ya meza ya kawaida. Chini kuna kioo kama cha simu, juu yake beseni lenye kimiminika kizito kama uji wa ulezi, kinaitwa resini. Kioo kinawaka umbo, mwanga unagandisha utando mwembamba wa resini, sahani inanyanyuka kidogo, kioo kinawaka tena. Mtu anatoka kichwa chini, ananing'inia kama popo. Ukishamtoa unamwosha kwa spiriti, unamweka kwenye taa akauke. Glavu lazima, dirisha wazi lazima, kwa sababu kile kitu kibichi kinawasha ngozi na harufu yake inapanda kichwani.

Zipo nyingi na wauzaji wana maneno. Niliondoa kwanza ya mtumba, ya rafiki yake Marek: kioo chake kimechoka, na kioo kipya ni nusu ya bei anayoitaka. Zikabaki mbili, ndogo na kubwa. Bei ya ndogo ni mshahara wangu wa wiki moja, ya kubwa ni wiki mbili na siku mbili. Kwenye boksi la kubwa wameandika namba kubwa ya nukta, vile vitone vya kioo vinavyowaka, kwenye ndogo namba ndogo, na watu wananunua namba. Mimi niligawanya. Kioo cha ndogo kina upana wa milimita mia na hamsini na nukta elfu nane na mia tano. Cha kubwa ni milimita mia mbili na ishirini kwa nukta elfu kumi na moja na mia tano. Ukigawanya, nukta ya ile ndogo ni ndogo zaidi, maana yake uso unatoka safi zaidi. Ile kubwa inakuuzia nafasi tu, na mimi sichapi nyumba. Marek aliangalia hesabu akasema sawa, chukua ndogo, halafu weka theluthi ya bei pembeni kwa ajili ya spiriti, glavu, chujio na taa. Hilo nimelisikiliza. Wengi wanasahau hilo, wananunua mashine kisha wanashindwa kuilisha.

Na inachagua hali ya hewa kama mgonjwa. Chini ya nyuzi ishirini resini haishiki vizuri. Chumba changu kiangazi hiki kina ishirini na nne, kufika mwezi wa kumi kitakuwa kumi na sita. Kwa hiyo ni sasa au mwakani.

Mtu wa milimita thelathini na mbili ni tando mia sita na arobaini. Saa moja na dakika ishirini na tano. Na hili lilinishangaza: mashine haijali idadi. Ukiweka mtu mmoja au wanane kwenye sahani, muda ni uleule, kwa sababu inahesabu urefu tu. Thelathini na nane ni mizunguko mitano. Saa saba. Lusajo alitumia miezi minne.

Nataka nije nao Desemba. Nitaweka meza uani kwa mama, mchana, kila apitaye aone. Nitamwita mwalimu wa kwaya, na yule wa bodaboda, na mama mchungaji, na baba mdogo akipenda. Kila mtu nitampa yeye mwenyewe mkononi, nitawasomea sheria ya kuitana majina, tutacheza mpaka mvua ije. Sitahubiri. Nataka wacheze tu, kisha warudi nyumbani wakiwa wameshawahi kucheza mchezo wa Lusajo. Baada ya hapo nione nani atampita mama bila kumsalimia.

Tatizo ni kwamba mashine haimjui mtu. Inataka umbo lake pande zote. Nina picha tano alizonitumia, zote za mbele, nyuso bila visogo. Ningekuwa na wenyewe ingetosha simu: unamweka mtu juu ya kigoda, unamzunguka taratibu ukipiga picha, juu na chini, programu inaunganisha. Hilo hata wewe unaliweza. Kubuni mwenyewe siwezi, nimejaribu. Nilifinyanga kwenye kompyuta kitu, kikatoka kama kiazi. Na hata ningeweza, wangekuwa watu wangu, si wake.

Hapo ndipo nimekwama, kwa sababu ninyi watatu mmenipa majibu matatu. Mama aliniambia waliungua. Baba mdogo, nilipompigia tena, alisema waliwatupa mtoni. Wewe ulisema hujui, ulikuwa jikoni unapakua. Sikukubishia. Lakini juzi nilikuwa nimeshika sanduku la nyama, nikawaza vyungu vya akina mama wa kule ziwani Matema, wale wanaovipandisha hadi soko la Tukuyu. Wanavichomaje? Hawana tanuri. Wanapanga nje, wanafunika nyasi na kuni, wanawasha. Kinachoingia ni udongo, kinachotoka ni chungu.

Lusajo aliwakaushia watu wake darini jikoni kwa mama, juu ya moshi, wiki na wiki. Walikuwa wakavu kama mahindi ya mbegu. Dada, udongo mkavu namna ile ukiutupa mtoni unakuwa tope kabla wimbo mmoja haujaisha. Ukiuweka motoni hauungui. Wengine watapasuka, tuseme theluthi. Wanaobaki wanakuwa wagumu kuliko walivyoingia, na majina yao chini. Baba mdogo hangelijua hilo, wala asingerudi kuchakura majivu. Kama waliwasha moto kule nyuma kwenye migomba, mahali pa kuchomea takataka, basi hawa watu wapo, dada. Wapo chini ya majivu, na majani ya migomba juu yao, na mvua za miezi minne haziwafanyi kitu.

Jikoni kwa mama pana dirisha, na dirisha linaangalia migomba. Sikuambii ulifanya kosa. Matanga yana watu wengi, na baba mdogo ni baba mdogo. Nakuambia tu kwamba mtu anayepakua anainua kichwa.

Barua hii anakuletea binti mmoja wa Mbeya anayesoma uuguzi huku, anarudi likizo, atapita dukani kwako Jumatano. Mpe chai, hajanitoza hata senti. Nisalimie shemeji, na watoto wako wote watatu. Mwambie yule mdogo anayeng'oa vichwa kwamba sina kinyongo naye. Nisalimie shangazi, lakini kwa sauti ya chini, usije ukamponza. Mwambie mama nimeandika, na kwamba mimi namwuliza: ugonile? Baba mdogo msalimie pia, mwulize mguu, maana vinyago havipo tena na ningependa kujua kama umepona.

Duka limenishikia ile mashine ndogo hadi Jumamosi. Kama ni mtoni, niandikie kwenye simu neno moja, mtoni. Sitainunua, na sitakuuliza tena maisha yangu yote. Kama ni moto, andika moto, kisha chukua jembe. Sitaki kusikia hujui, wala mtandao, wala tutaongea. Walichomwa au walitupwa? Nijibu kabla ya Jumamosi saa sita mchana, saa ya Tukuyu.

Mdogo wako,
Ambokile