Upendo Aliuliza Kama Ni Mvivu

Baba Upendo mume wangu,

Unaendeleaje na baridi ya Makambako? Sie tuko kwa dada hapa Goba, na joto linatunyoosha.

Jana binti yetu alipigwa picha ya ubongo, ili ijulikane kwa nini asubuhi hawezi kuamka kwenda shule. Daktari, mwanamke mmoja mpole, akatuonyesha kwenye kompyuta, akasema hakuna uvimbe. Upendo akauliza, "Kwa hiyo mie ni mvivu tu, kama baba anavyosema?"

Nilishindwa hata kumtazama. Daktari akasogeza kiti karibu naye. "Hapana, mdogo wangu. Una sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito inayomaliza nguvu, na hilo nimelijua kwa kukusikiliza, siyo kwa picha. Watafiti wakipima vijana wengi wenye sonona, huona damu inapita tofauti kidogo kwenye baadhi ya sehemu za ubongo. Ubongo wa umri wako bado unakua, na wengi hupata nafuu wakitibiwa."

Upendo alilia, lakini kama mtu aliyetuliwa mzigo. Tulipotoka nikanunua mihogo ya kuchoma yenye pilipili. Alimaliza yake, akaomba na yangu. Nimefurahi mno.

Sikulaumu, mume wangu. Hata mie nimemwamsha kwa ukali asubuhi nyingi. Leo amesema ukipiga simu atapokea mwenyewe. Usimuulize habari za shule. Mwambie tu kwamba umemkumbuka.

Ule vizuri, uvae sweta, na Mungu akutunze mpaka tukuone.

Mama Upendo