Mikaratusi ya Marehemu Chacha

Shikamoo Mama,

Mimi ni mzima huku Nyanungu, ila mvua zimechelewa na vumbi linaingia hadi kwenye chai. Halmashauri imenituma kupanga na wanakijiji namna ya kukabili ukame. Leo mkutano ulikubali kwamba mikaratusi inayokausha chemchemi ikatwe, ipandwe mikuyu. Kumbe ile miti aliipanda marehemu Chacha, na mjane wake, Mama Bhoke, alikuwa amekaa mbele yangu! Mwenyekiti aliogopa hata kumtazama. Mama Bhoke akasimama, akasema, "Aliipanda tupate mbao za nyumba. Lakini nilipoolewa hapa, maji yalinifika magotini. Leo wajukuu wangu wanachota tope. Kateni."

Tulimfuata hadi chemchemini. Aliomba shoka, akaupiga mti wa kwanza yeye mwenyewe, kisha akaukumbatia, akalia. Wanaume walivua kofia wakamngoja.

Baadaye, tukila ugali wa mtama kwake, aliniuliza kama mikuyu hukua upesi. Nilimwambia ukweli, kwamba huchukua miaka mingi.

"Basi miche ije kesho asubuhi," akasema.

Mungu akutunze, Mama. Nimekukumbuka sana leo.

Mwanao,
Neema