Kamera ya Juu ya Madhabahu

Kyimo,
4 Machi 2024

Mwanangu Lugano,

Ugonile. Huku tu wazima, ila mgongo wangu haupatani na baridi hii. Kile kifua chako kimepona huko Morogoro? Usinijibu "niko poa" tu, niambie kweli.

Nakuandikia barua kwa sababu simu ya humu ndani ikiongea wote wanasikia. Wezi wamevunja kanisa. Wamebeba kinanda na spika, na kitambaa cha madhabahu ndicho walichofungia. Jumapili tuliimba kwa midomo mitupu, watu wanalia. Wazee wa kanisa wameamua kufunga kamera. Niliposema hiyo ndiyo kazi yako, mchungaji alinishika mkono kana kwamba fundi ni mimi. Njoo Pasaka, baba. Vifaa watanunua wao.

Mama yako,
Atupele


Morogoro,
12 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepona kabisa, na kweli nakula. Pole na mgongo. Nitakuja na dawa ya kuchua.

Pasaka nipo. Nitafunga kamera langoni, mlangoni na ofisini. Katibu wenu Prosper amenipigia, anataka na ya nne juu ya madhabahu, itazame mabenchi yote na kunasa sauti. Nitaifunga. Utatembea kifua mbele, mama. Mwizi atakayeingia humo tena atakuwa amechoka na uhuru wake.

Mwanao,
Lugano


Kyimo,
20 Mei 2024

Mwanangu,

Habari za tangu Pasaka? Ile dawa imenisaidia, sasa nainama shambani bila kuguna. Na kanisani hakuna mwizi aliyegusa kufuli tangu uondoke. Hilo nakushukuru.

Lakini sikia. Unajua Jumatano asubuhi sisi akina mama huingia kanisani kabla ya kwenda kuchuma chai. Kila mmoja hupiga magoti akamwambia Mungu yale yasiyosemeka nyumbani kwake. Hellen wa kwaya alikuwa akimlilia Mungu jinsi mume wake anavyompiga. Boniface, karani wa ofisi, akamwona kwenye skrini, akarekodi kwa simu yake, akamrushia mwenzake ili wacheke. Jioni ile maombi ya Hellen yalikuwa yanasikilizwa sokoni Bulyaga. Kesho yake yakafika kwenye simu ya mume. Hellen amekimbilia kwao Kinyala na watoto, jicho moja halifunguki.

Nimekwenda kwa Prosper. Ameniambia asiye na la kuficha haogopi kamera. Nimerudi nyumbani, hata moto sikuwasha.

Wewe uliyeifunga, unasemaje?

Mama yako


Morogoro,
2 Juni 2024

Mama,

Shikamoo, na pole sana. Huyo Boniface anastahili kufukuzwa. Ila kamera yenyewe haina kosa, mama, na walioitaka pale juu ni wazee. Mimi ni fundi, siwezi kuwapangia. Labda mngoje mambo yapoe.

Kazi zimenibana, ndiyo maana barua ni fupi.

Lugano


Kyimo,
11 Agosti 2024

Mwanangu Lugano,

Ugonile. Mimi mzima kuliko nilivyokuwa mwaka huu wote. Usidhani nilinuna. Nilikuwa na kazi.

Hatukungoja yapoe. Jumatano iliyofuata barua yako tuliacha mlango wa kanisa wazi nyuma yetu, tukatandika majani ya migomba nje, tukapiga magoti kwenye manyunyu na ukungu. Tulikuwa wachache. Jumatano nyingine wakaja wachumaji wa chai na vikapu vyao. Halafu akaja Marita, mke wa Prosper mwenyewe, akapiga magoti kando yangu. Wapita njia wakaanza kusimama na kuuliza kama kanisa limetufukuza. Mwishowe mchungaji akatoka, akaloa pamoja nasi, kisha akaitisha mkutano wa usharika mzima.

Prosper alirudia maneno yake yale yale. Ndipo Hellen akaingia na baba yake, wametoka Kinyala. Akapita katikati ya mabenchi, akampita mume wake, akasimama mbele chini ya ile kamera.

"Mimi ninalo la kuficha," akasema. "Nilikuwa nimemletea Mungu. Sikuwaletea ninyi."

Mume akainama. Mchungaji akaomba wanaotaka kamera ile iondolewe wasimame. Marita alikuwa wa kwanza. Tukasimama akina mama wote, kisha vijana, kisha wazee mmoja mmoja wakishikilia mabenchi. Prosper alimtazama mkewe, akasimama.

Boniface ameondolewa ofisini, na amemwomba Hellen radhi mbele ya watu. Skrini sasa imefungiwa. Funguo mbili, moja ya mchungaji, nyingine ya mzee wa kanisa mwanamke. Hellen yuko kwao na watoto, na shauri la mume wake liko dawati la jinsia, polisi Tukuyu.

Njoo uishushe. Mafundi wapo hapa, lakini uliyeipandisha ni wewe.

Mama yako


Stendi ya Tukuyu,
28 Agosti 2024

Mama,

Basi limechelewa, nami niliondoka bila kukuaga vizuri kwa kuwa ulikuwa ndani na wenzako. Barua hii namwachia Jenifer wa mgahawa akuletee.

Jana nilipokuwa juu ya ngazi, Prosper ndiye aliyenishikia. Alishikilia kweli kweli. Kamera ile sasa inatazama dirisha la stoo walilopitia wezi.

Asubuhi hii mchungaji alinifungulia skrini nijaribu mitambo. Niliwaona mkifika kwenye ukungu, wengi hata nikashindwa kuwahesabu, mkivua gambuti mlangoni. Hellen alikuja wa mwisho, akaufunga mlango. Baada ya hapo skrini ilionyesha mlango tu na gambuti zenu zenye tope. Nikasikia sauti yake kupitia ukuta wa ofisi. Sikuyashika maneno, wala sikusogea karibu. Kisha nyote mkapasuka kwa wimbo, mama, bila kinanda wala spika, na vioo vya ofisi vikatetemeka.

Nimefunga kamera nyingi. Kazi nitakayowasimulia watu ni hii niliyoshusha.

Dereva anapiga honi. Ndaga fijo, asante sana, mama.

Mwanao,
Lugano